Mwezi Uliotolewa Gotini

Nikutegee moja, nawe usikimbilie kujibu. Miezi miwili michanga imelala kati ya mawe mawili. Haiwaki, haipandi mbinguni, na mwenye nayo hajawahi kuiona. Lakini mmoja ukiondolewa, mawe huanza kulana.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Mombasa sitaki, sina jamaa huko. Nipe Masimba, pale kando ya barabara, penye maduka na steji, nile nishibe. Haya, nimekula Masimba yako. Jibu liko ndani ya goti lako wewe unayesikiliza, na zamani lilikuwa pia ndani ya goti la Nyamoita, binti wa Nyanchera, wa huko juu ya Itumbe ambako chai imepandwa mpaka mlangoni, hata kuku hana pa kuchakura.

Nyumba ya Nyanchera ilikuwa nyumba ya wasichana wawili. Drusilla, mkubwa, alisoma akafika kidato cha nne, akajifunza kupiga taipu, akapata kazi katika ofisi moja mjini Kisii na kuolewa Nyamira, akamzaa Ashley. Nyamoita, mdogo, aliishia darasa la saba, akabaki na mama na chai. Baba yao alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mama alipopigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukafa, na Nyamoita ndiye aliyemgeuza kitandani asubuhi, adhuhuri na jioni, kama mtu anavyogeuza mahindi juani yasioze upande mmoja.

Mwaka wa tisini na moja, mwezi wa tano, mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumua. Nyamoita alikuwa akiteremka na kikapu mgongoni, kimejaa pomoni, akienda kituo cha kununulia majani. Mguu wa kushoto ukanasa kwenye mzizi wa chai, mwili ukageuka bila kuuaga mguu. Alisikia kitu ndani ya goti kikisema ta! kama kuni kavu. Alipotaka kulinyoosha, goti likakataa. Lilikuwa limejikomea kwa ndani.

Drusilla ndiye aliyempeleka hospitali, hilo hakuna anayemnyima. Alileta gari kutoka mjini, akamketisha mbele, akamfikisha katika hospitali moja ya misheni, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, kibeti mapajani, siku nzima. Nyamoita alipozinduka, midomo mikavu kama ganda la njugu, aliuliza, "Wamenifanya nini?"

"Wamekushona," Drusilla akasema, akimlowesha midomo kwa pamba. "Wamekushona vizuri sana. Shukuru Mungu."

Wiki ya tatu haikuisha kabla Nyamoita hajarudi nyumbani na kuanza tena kumgeuza mama. Majirani walipiga makofi. Goti lilipona haraka, haraka ya kutiliwa shaka, lakini nani angetia shaka? Mtu akiambiwa ameshonwa na dada yake wa tumbo moja, huamini ameshonwa.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye, akazikwa nyuma ya nyumba. Na kama vile lilikuwa likimngoja mama apumzike kwanza, goti likaanza. Lilivimba jioni. Likawa likisaga Nyamoita akipanda kilima, krr, krr, hata mbwa alikuwa akigeuka kutazama. Mguu ukaanza kupinda kwa nje kama upinde. Vikapu vitatu kwa siku vikawa viwili, viwili vikawa kimoja.

"Goti lilishonwa na daktari mzungu, na wewe unasema linauma!" Drusilla alikuwa akimwambia. "Nyamoita, huo ni uvivu. Wewe umechoka na chai, sema tu umechoka na chai."

Nyamoita aliona haya, akajiambia moyoni kwamba labda kweli ni uvivu, kwa maana ndani ya goti hakuna aliyewahi kuingia kuchungulia.

Kuna jambo moja kuhusu Drusilla ambalo kanisa zima pale Itumbe lilimsifia. Waadventista wana desturi yao: kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini huoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mmoja hukaa, mwenzake hupiga magoti mbele yake na beseni na taulo, kisha hubadilishana. Sasa Drusilla, na kanisa lake liko huko Nyamira, tangu ule mwaka wa upasuaji hakukosa hata robo moja. Alikuja na viatu vyake vya mjini, akapita katikati ya akina mama wote, akapiga magoti mbele ya mdogo wake. Na kwa kuwa Nyamoita aliogopa kulipiga lile goti lenye kovu, na baadaye hakuweza kabisa, Drusilla alijifuta mikono na kusema, "Wewe tulia, mimi sihitaji." Mzee wa kanisa, Josiah, alimtolea mfano mara mbili mimbarani. "Tazameni dada huyu! Anaosha na hadai kuoshwa."

Hata Nyamoita alijivunia. Alisema, nina dada.

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa nane, Nyamoita alikwenda Kisii kununua kitambaa. Duka la Haresh na mkewe Madhu lilikuwa na ngazi tatu mlangoni, na Nyamoita alizipanda ubavu ubavu, akishika ukuta.

"Wewe mama," Madhu akamwambia kutoka nyuma ya kaunta, "kwa nini napanda kama kaa?"

"Ni goti, mama."

"Goti gani hiyo? Wewe kijana bado! Kuja, kaa hapa. Mtoto yangu Ishan ni daktari ya mifupa, iko likizo kutoka Ulaya. Wiki tatu tu, anamaliza chapati yangu yote."

"Madhu," Haresh akanung'unika, "acha mteja anunue kwanza."

"Wewe uza kitambaa. Mimi natoa daktari."

Ishan alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, mpole, Kiswahili chake kimeota kutu kwa kukaa ughaibuni. Alimlaza Nyamoita juu ya benchi nyuma ya majora ya vitambaa, akaligeuza goti huku na huku, akaliwekea sikio kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaandika barua. "Peleka kwa hospitali ile. Waombe karatasi za upasuaji na picha mpya. Rudi Alhamisi."

Alhamisi akarudi. Ishan aliinua picha ya eksirei mbele ya dirisha, akaikagua. Kisha akaenda kwenye kaunta ya mama yake, akachukua rili mbili kubwa za uzi na zile pedi za mabega ambazo miaka ile kila gauni la mwanamke lilikuwa nazo, zilizokatwa kama mwezi mchanga.

"Rili ya juu ni mfupa wa paja. Ya chini ni mfupa wa muundi. Katikati, Mungu ameweka vimto viwili kama hivi, kimoja ndani, kimoja nje." Akaweka pedi katikati ya rili. "Unatembea, vinabeba mzigo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Ishan akachomoa pedi moja. Rili ya juu ikainama, ikagonga ya chini. "Hii ndiyo goti lako. Kimto cha upande wa ndani hakipo."

"Kimechanika?"

"Hapana, mama. Kilitolewa. Chote."

Nyamoita alicheka. "Daktari, umeshika picha ya mtu mwingine. Mimi nilishonwa."

Ishan hakucheka. Nyamoita alitazama ile pedi mkononi mwa daktari. Lakini mtu aliyeumizwa huuliza dawa kwanza, ya mkosaji baadaye. "Basi kirudishwe," alisema. "Kama kilitoka, kitarudi. Hamna kingine?"

"Huko ninakofanya kazi, wapo wanaochukua cha mtu aliyekufa. Kijana, mwenye afya. Kinapimwa kilingane na goti, kinagandishwa kwa baridi kali, halafu kinashonwa mahali pake."

"Cha maiti!" Nyamoita akashika kifua. "Na parapanda ikilia, mwenyewe akiamka, si atanijia na kikongojo akidai chake?"

Haresh, aliyejifanya anapima kitambaa, aliangua kicheko. Hata Ishan akatabasamu. "Hilo sikusomea. Lakini hapa kwetu hakuna anayefanya. Na hata kule, hawaweki kwa goti ambalo mifupa imeshakwanguana. Kinasagika upesi. Yako imekwanguana, mama. Sitakudanganya."

"Kingine?"

"Kuna kipya. Wanatengeneza kama sponji kwa kano ya ng'ombe. Kinashonwa, halafu mwili unaota ndani yake. Bado wanajaribu."

"Ng'ombe afadhali," Nyamoita akasema upesi. "Ng'ombe tunamla."

"Ni kweli. Lakini ile sponji inashonewa kwenye ukingo wa kile cha zamani. Kwako ukingo haukuachwa."

Madhu alileta chai ya maziwa yenye tangawizi, akaiweka karibu na mkono wa Nyamoita. Ishan akaendelea, taratibu, kama mtu anayeteremka kilima chenye utelezi. Kiungo kizima cha chuma kipo, lakini hicho huwekewa wazee. Akiwekewa sasa, na umri wa miaka thelathini na mitatu, kitalegea naye bado anakihitaji. Wapo Nairobi wanaokata mfupa wa muundi kidogo chini ya goti na kuunyoosha, ili mzigo uhamie upande wenye kimto. Hiyo ingemfaa, akipata nafasi, na ingempa miaka kadhaa. Na kabla ya hiyo, fundi wa viatu amwinulie soli upande wa nje. Afanye mazoezi ya paja kila siku. Apunguze kikapu.

"Kwa hiyo mwezi wangu haurudi," Nyamoita alisema.

"Haurudi. Tunaweza tu kuyazuia mawe yasigongane sana."

Alikunywa chai mpaka chini. Ndipo akasema, "Sasa nisomee karatasi. Nani alisema kitolewe?"

Ishan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma polepole, akitafsiri: kimto cha ndani kimepasuka pembeni kabisa, mahali penye damu. Mpasuko huu unaweza kushonwa. Mgonjwa amelala kwa dawa. Daktari ametoka, amezungumza mlangoni na dada wa mgonjwa. Baada ya jibu la dada, kimto kimetolewa chote.

"Jibu gani?" Nyamoita akauliza.

"Haikuandikwa."

Madhu alisema neno moja kwa lugha yao, na Haresh akaweka mkasi chini.

Ofisi ya Drusilla ilikuwa ghorofa ya pili. Nyamoita alipanda ngazi ishirini na nne, akizihesabu moja moja, kwa maana sasa kila ngazi ilikuwa na jina la mtu. Drusilla alikuwa mbele ya taipu yake, nywele zimewekwa dawa, kucha nyekundu.

"Ai, Nyamoita! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja na swali. Siku ile hospitalini, daktari alitoka mlangoni. Alikuuliza nini, na ulimjibu nini?"

Vidole vya Drusilla vilisimama juu ya taipu. Mara moja tu, kisha vikaendelea. "Mambo ya miaka sita unaniletea kazini? Unaona mezani kuna barua ngapi?"

"Swali ni dogo, Mama Ashley."

"Nani alikupeleka hospitali? Si ni mimi? Wangapi wako hapo Itumbe wamekufa na miguu yao bila kuona daktari?" Sauti ilikuwa imepanda, akaishusha kwa sababu mlango wa mkubwa wake ulikuwa wazi. "Shukrani ya punda kweli ni mateke. Nenda nyumbani. Tutaongea."

"Uliniambia nilishonwa."

"Tutaongea, nimesema."

Nyamoita aliteremka zile ngazi ishirini na nne, na kuteremka, mwenye goti bovu atakuambia, ni kubaya kuliko kupanda. Hakulia. Alichokumbuka njia nzima si hospitali, bali neno moja: uvivu. Mtu akikuibia kuku, ni mwizi. Lakini akikuibia kuku kisha akakucheka kila asubuhi kwamba hujui kufuga, huyo utamwitaje?

Hawakuongea. Mwezi wa tisa Drusilla alituma salamu kwamba ana kazi nyingi. Mwezi wa kumi alituma sukari na sabuni, na Nyamoita akazirudisha kwa aliyezileta, pakiti hazijaguswa. Akaenda zake Nyamarambe siku ya soko, fundi akamwinulia soli ya kushoto upande wa nje kwa kipande cha tairi. Kila asubuhi alifunga pakiti ya unga ya kilo mbili kwenye kifundo cha mguu, akaketi kitini, akaunyoosha mguu mara thelathini, huku akihesabu kwa sauti. Goti lilitulia kidogo. Likasaga kwa adabu. Moyo ndio ulikuwa haujapata soli.

Usiku hakulala vizuri, wala si kwa maumivu. Alikuwa akitega na kutegua. Labda daktari alisema vibaya. Labda Drusilla hakuelewa Kiingereza chake. Hapana, Drusilla alielewa Kiingereza kuliko mwalimu. Labda alisema kushona ni hatari. Kila jibu alilomtafutia dada yake alilijaribu kama kiatu, na kila kimoja kilibana mahali.

Sabato ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mzee Josiah alisimama akatangaza kama kawaida yake: "Mwenye jambo na mwenzake alimalize kabla ya maji. Mkono mchafu hauoshi mguu." Wanaume wakabaki kanisani, wanawake wakaenda kwenye darasa la watoto, wakakaa kwenye vibenchi vifupi. Shemasi mmoja aligawa maji ya vuguvugu kutoka kwenye sufuria.

Drusilla alikuja. Watu walikuwa wamemtazamia, na kutokuja kungesema mengi kuliko kuja. Alipita katikati ya akina mama, taulo kiunoni, beseni mkononi, akainama mbele ya mdogo wake kama alivyofanya robo baada ya robo kwa miaka sita. Wanawake wakatabasamu.

"Leta miguu," alisema kwa upole, bila kumtazama machoni.

Nyamoita alitazama utosi wa dada yake. Akaona sasa kile ambacho kanisa zima halikukiona: huyu hakuwa akiosha miguu, alikuwa akiosha mikono yake. Na maji aliyotumia yalikuwa ya mwingine.

Akasimama. "Leo keti wewe."

"Nyamoita, goti lako..."

"Goti langu nalijua. Sikujulishwa mapema, lakini sasa nalijua. Keti, Mama Ashley."

Drusilla akaketi. Nyamoita alishika benchi kwa mkono wa kulia, akateremsha goti la kulia, kisha, polepole, la kushoto. Mfupa ulipogusa sakafu, mawe yakalana, na mwanamke aliyekuwa karibu akasema "Nyasae!" akimwita Mungu, kwa kuwa aliisikia ile krr. Jasho likamtoka Nyamoita kwenye mdomo wa juu. Hakuinuka. Alivuta beseni, akamvua dada yake viatu vya mjini, kimoja, cha pili, akaitia miguu yake majini.

"Usifanye hivi mbele za watu," Drusilla akanong'ona. "Utaniaibisha."

"Mimi naosha tu. Hata Yuda alioshwa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba alirukwa." Akachota maji kwa kiganja, akayamwaga juu ya kisigino. "Uliniita mvivu, Drusilla. Nikakubali. Nilikuwa nikiamka naomba toba ya uvivu."

Drusilla alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mwezi wangu haurudi," Nyamoita alisema, sauti yake ya kawaida, ile ya kumwita kuku. "Cha maiti hakinifai, cha ng'ombe hakina pa kushonewa, chuma ni cha wazee. Sikudai goti. Nadai neno. Nimepiga magoti kwa hili goti ulilonipa, na siinuki mpaka nilisikie. Daktari alitoka mlangoni. Alikuuliza nini, na ulimjibu nini?"

Drusilla alitazama maji, akatazama ule mguu wa kushoto uliokunjwa sakafuni, kiatu chake na kile kipande cha tairi. Aliposema, alisema kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani kwa mama yao, wala si Kiswahili chake cha ofisini.

"Alisema kinashonwa. Akasema ukishonwa hutakanyaga wiki sita, na hutabeba kitu kizito miezi minne. Wala kikapu, wala mgonjwa. Akaniuliza kama nyumbani una mtu wa kukushikia kazi mpaka upone. Kama huna, atakitoa chote, na kabla ya wiki ya tatu kuisha utakuwa kazini."

"Nawe?"

"Nilikuwa na likizo ya siku thelathini, sijaigusa. Nilimwona mama kitandani. Nikaona mikono yangu ikimgeuza, asubuhi, adhuhuri na jioni." Machozi yalimdondoka ndani ya beseni, moja, jingine. "Nikamwambia hana mtu."